Redio ya Haji Kullow

Mtu akinunua redio ng'ambo, mimi ndiye ninayelia. Yeye anashuka na boksi lake, majirani wanamsifu, kila mtu anataka kugusa. Baada ya siku tatu boksi liko mezani kwangu linanuka moshi, na mwenyewe ananiangalia kama mimi ndiye niliyelichoma. Ukimwambia umeme wa huko si umeme wa hapa, anakasirika. "Fundi, hii ni kitu ya ng'ambo, haiwezi haribika." Haya basi, kama haiwezi kuharibika, imekuja kufanya nini kwangu?

Naitwa Kefa. Kwetu ni Kaimosi, lakini Nanyuki imenila miaka mingi. Kibanda changu kilikuwa nyuma ya duka la nafaka, karibu na stesheni ya reli, na mwaka ninaousimulia, sabini na saba, watu waliniletea redio kutoka Doldol, kutoka Naro Moru, hata kutoka Nyeri kwenyewe ambako mafundi walikuwa wamejaa. Sijisifu, nasema tu ilivyokuwa. Mdomo wangu ndio uliokuwa mbaya. Kila mtu alijua Kefa atatengeneza redio yako huku anakutukana, na walivumilia, mradi redio iseme.

Basi Jumatatu moja ya Januari akaingia Kullow. Alikuwa Msomali, mnunuzi wa ng'ombe, mtu mrefu, mwenye sauti ya chini. Aliwatoa wanyama Doldol na kuwaleta mnadani kwetu. Alikuwa amerudi kutoka Makka siku chache tu zilizopita, ndevu bado nyekundu za hina, na mji mzima ulikuwa umeshaanza kumwita Haji. Akaweka boksi mezani. Ndani mlikuwa na redio kaseti kubwa ya Kijapani, ya kung'aa, ya kubebwa kwa mkono, yenye spika mbili. Nikainusa, nikajua.

"Jeddah?" nikamwuliza.

"Jeddah."

"Ulichomeka ukutani."

"Nilichomeka. Wageni walikuwa wamekuja kunisalimia, wanakunywa maji ya Zamzam. Nikasema wasikie redio. Ilisema kidogo tu, ikatoa moshi."

"Haji, uliangalia nyuma imeandikwa nini?"

"Nyuma imeandikwa Kijapani."

"Hii ni namba! Namba haina kabila. Imeandikwa mia na kumi. Ukuta wako ni mia mbili na arobaini. Umemnywesha mtoto mchanga ndoo nzima ya maziwa, halafu unashangaa ametapika. Na hapa chini si kuna nafasi ya mawe manane ya betri? Kwa nini hukutia mawe?"

"Nitoke Makka na redio ya mawe? Wageni wangesema nini?"

"Wangesema inalia!"

Siku nyingine angenijibu, maana naye hakuwa mnyonge wa maneno. Siku hiyo aligeuka, akafunga mlango wa kibanda changu, mlango ambao sijawahi kuona mteja akiufunga, akakaa kwenye kiti cha mbao na kuweka fimbo yake katikati ya magoti.

"Fundi, ndani kuna kaseti. Nilipobonyeza vitufe ovyo kuzima ule moshi, ikanaswa. Hiyo redio ikifa, ife. Kaseti isife."

Nikachungulia kwenye kidirisha. Kweli, kulikuwa na kaseti ya kijani, na utepe wake umejisokota kwenye magurudumu kama uzi uliochezewa na paka.

"Ni sauti ya dada yangu," akasema.

Akanieleza, polepole, akiangalia mikono yake. Dada yake aliitwa Sahro. Miaka kumi na sita iliyopita mama yao, Nadifa, alikuwa amemwahidi kwa mtu, na ngamia wa mahari walikuwa wamekwisha pokelewa. Sahro akatoroka na dereva wa lori. Siku ile mama alitoka nje, akainua mikono mbele ya watu, akasema binti huyo hataona mtoto wake akikua. Halafu akaingia ndani, na jina la Sahro halikutajwa tena katika nyumba ile.

"Dereva alimpeleka Jeddah. Mimi nikiwa huko, baada ya kuhiji, mwanamke akaja nyumba ya mahujaji anauliza, kuna mtu wa Nanyuki hapa? Ni yeye. Amezika watoto watatu, fundi. Wa kwanza alifika miezi minane. Hakuna daktari aliyejua ni nini. Yeye anasema anajua ni nini. Na sasa ana mimba tena, amebakisha miezi mitatu."

Mimi ni mtu wa kanisa la Friends na mambo ya laana nilikuwa nikiyacheka. Hapo sikucheka. Hata ukisema laana si kitu, mwanamke anayebeba mimba huku anaamini mamake mwenyewe amemfungia njia, hali yake ni ya kusikitisha, na mimi nilisikitika.

"Na mama anasemaje?"

"Mama ni kipofu sasa. Nilipomtumia habari kutoka Jeddah kwamba nimemwona Sahro, akajibu, jina mtu yeyote anaweza kujiita. Akasema nimletee sauti. Akiisikia yote, mwanzo mpaka mwisho, ndipo atasema kama anasamehe au hasamehi. Ndiyo nikanunua hii mashine, inasema na inarekodi. Sahro akaniambia nitoke nje ya chumba, akarekodi peke yake. Hata mimi sijui ameweka nini."

"Sasa si nikishaitoa kaseti uiweke kwa mashine ya jirani?"

"Mtaa wetu, Majengo nzima, inajua Kisomali. Kabla ya jioni watakuwa wanaiimba. Wewe hujui hata neno moja. Ndiyo sababu nimekuja kwako." Akasimama. "Yarrow, mtoto wa mjomba, anafanya kazi Jeddah. Anarudi Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri. Jibu la mama lazima liende na yeye. Mwingine wa kwenda sijui atapatikana lini, na mimba haingojei."

Nikamwambia Alhamisi asubuhi nitaileta nyumbani kwake mwenyewe. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Sikuwa nimezoea wateja wa kunishika mkono, na nilipobaki peke yangu nilifungua redio ile kwa uangalifu ambao sijawahi kumpa hata mke wangu.

Nilianza na kaseti. Nilitoa utepe kwa koleo ndogo, kidogo kidogo, nikaunyoosha juu ya kitambaa, nikaurudisha ndani nikizungusha kwa biro. Nilitumia Jumatatu yote. Ulikuwa umekunjamana mahali pawili, lakini haukukatika. Jumanne nikaingia kwenye redio. Transfoma ilikuwa imeungua ikawa makaa, na transista mbili zimeenda nayo. Transfoma nikaitupa, mama hakuhitaji umeme wa ukuta, mawe yangetosha. Transista nikazipata kwenye redio ya marehemu fulani ambayo hakuna mtu aliyeifuata. Jumatano mchana nikatia mawe manane mapya, nikatia kaseti ya kijani, nikabonyeza.

Ikasema.

Sijui niieleze vipi sauti ile. Ilikuwa ya mwanamke mkubwa, nzito kidogo, inapanda na kushuka, si wimbo na si mazungumzo. Sikuelewa chochote. Nilikuwa nisikilize kidogo tu, nijue mwendo uko sawa, nizime. Sikuzima. Niliweka chuma cha kuchomelea chini nikakaa nikasikiliza karibu kaseti yote, na mahali fulani yule mwanamke alianza kuvuta pumzi kama mtu anayepanda mlima, na mimi nikajikuta nafuta macho. Nikajiambia, Kefa, haya si yako. Nikasimamisha. Nilikuwa na mkono kwenye kifuniko, naenda kuitoa, Mungu ni shahidi wangu.

Hapo ndipo Mutahi alipofungua mlango kwa teke.

Mutahi alikuwa karani wa ofisi ya misitu. Redio yake niliitengeneza mwezi uliopita, na sasa alikuwa ameibeba kwapani.

"Kefa! Ati hii ndiyo kazi? Inashika stesheni moja! Moja! Naskia tu maombi asubuhi mpaka jioni!"

"Na wewe unahitaji maombi."

"Wewe si fundi! Wewe ni mtu wa kubahatisha. Watu wanasema unafungua unafunga, basi."

Mniite mlevi, mniite mbishi, lakini msiniambie mimi si fundi. Damu ilinipanda. "Njoo hapa," nikamwambia. "Unaona hii mashine? Ilikuja ikiwa maiti. Maiti! Simama hapo uone kama mimi nabahatisha."

Na mimi, kila nikimaliza mashine ya kurekodi, hujaribu kwa njia moja. Nina kaseti yangu ya majaribio, kuukuu, naitia, nabonyeza vitufe viwili pamoja, nahesabu. Nimefanya hivyo mara elfu, mikono inajua yenyewe. Basi nikabonyeza vitufe viwili, nikainama kwenye maikrofoni yake ya waya nikitazama uso wa Mutahi.

"Moja, mbili, tatu. Kefa hapa. Fundi wa Nanyuki. Mutahi ni ng'ombe. Nasema tena, Mutahi ni ng'ombe."

Nikarudisha nyuma, nikabonyeza isikike. Sauti ikatoka safi kabisa, Mutahi ni ng'ombe, kwa spika mbili. Mutahi akanitazama kwanza kwa hasira, halafu akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka. Tukasameheana pale pale, akaacha redio yake niiangalie tena, akaenda zake akiwa bado anacheka.

Nikainua mkono nichukue koleo. Chini ya koleo palikuwa na kaseti yangu ya majaribio.

Nilifungua kifuniko ingawa nilijua tayari nitakachokiona. Kaseti ya kijani. Nikarudisha, nikasikiliza. Sauti ya Sahro inapanda, inapanda, halafu: moja, mbili, tatu. Halafu upumbavu wangu wote. Halafu Sahro tena, analia, anamalizia. Na yale aliyosema hapo katikati hayakuwa popote duniani tena. Utepe hauna ghorofa mbili, kwamba ufunue ya juu upate ya chini. Ukirekodi juu ya kitu, umekifuta.

Nilikaa chini sakafuni, mtu mzima. Nikawaza kumkimbilia Kullow. Halafu nikawaza uso wake. Halafu, mnisamehe, nikawaza kama fundi. Nani anajua kilichokuwemo? Kullow hajaisikia. Mama hajaisikia. Nikichukua wembe nikakata sauti yangu, nikaunganisha kwa selotepu, neno la Sahro litafuata lingine na hakuna mtu wa kujua. Na kama neno dogo limepotea, si yamebaki maneno mengi?

Nikakata. Kilitoka kipande cha dhiraa moja na nusu hivi. Nikaunganisha. Nikasikiliza mara nne, na hata mimi niliyekata sikuweza kusema nimekata wapi. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na sikutaka mtu yeyote aione.

Alhamisi asubuhi nilibeba redio mpaka nyumbani kwa Kullow, nyumba ya mawe mwisho wa Majengo. Baridi ya mlima ilikuwa bado haijatoka barabarani. Mama Nadifa alikuwa amekaa juu ya mkeka, mgongo umenyooka, mwembamba, macho yamefunikwa na utando mweupe. Nikamsalimu. Akauliza kitu, Kullow akasema, "Anauliza kama wewe ndiye uliyeokoa kaseti."

"Mwambie nimejaribu," nikasema. Nilitamani ardhi inifiche.

Kullow alifunga mlango na dirisha, akaniambia nibaki, maana yeye mashine ile alishaiogopa. Tukawa watatu tu. Nikabonyeza.

Sauti ilipotoka, mama hakushtuka wala hakulia. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza mbuzi wake walipo, akasema neno moja.

"Anasema ni yeye," Kullow akaninong'oneza.

Basi tukasikiliza. Vidole vya mama vilikuwa vinagonga goti taratibu, vinafuata sauti, na Kullow alikuwa ameufunika uso wake kwa kilemba. Kadiri utepe ulivyosogea ndivyo mimi nilivyotokwa na jasho. Nikajua panakaribia. Pakafika. Pakapita. Nikashusha pumzi.

Mama akainua mkono.

Kullow akasema, "Anasema rudisha kidogo."

Nikarudisha. Pakapita tena. Vidole vyake viligonga, vikagonga, vikasimama hewani. Akasema tena nirudishe. Mara ya tatu hakusubiri pafike mwisho. Alisema maneno marefu, bila kupandisha sauti, na Kullow akatoa kilemba usoni.

"Fundi. Wanawake wa kwetu wakiwa na jambo zito hawalisemi tu, wanalitunga shairi. Mstari unaenda, mwingine unaurudisha. Mama anasema hapa mstari umeenda haujarudi. Anasema Sahro alifundishwa na yeye, hawezi kukosea. Anasema kuna mkono wa mtu umepita hapa." Akanitazama. "Ni mkono wa nani?"

Ningeweza kusema ni moto wa umeme. Ningeweza kusema ni ule mkunjo. Uongo ulikuwa umejipanga mdomoni, mzuri, wa kitaalamu. Lakini yule mama alikuwa amenigeuzia uso, hayo macho yasiyoona, na nilijua vizuri kinywa kile kiliwahi kusema nini mbele ya watu. Niliogopa kudanganya. Na zaidi ya kuogopa, niliona aibu.

"Ni wangu," nikasema. "Nilirekodi juu yake. Mtu alinikasirisha nikataka kujionyesha, sikuangalia ni kaseti gani. Halafu nikakata ili msijue. Nisamehe, Haji."

Kullow alisimama. Sikuwahi kujua ni mrefu vile. "Nilikuamini kwa sababu huelewi," akasema. "Watu wote wa mji huu, nilikuamini wewe! Mama alisema yote, mwanzo mpaka mwisho. Yote! Sasa atasema nini? Nitampelekea nini Sahro?"

Mama aligonga mkeka kwa kiganja. Aliuliza, Kullow akakataa kujibu, akauliza tena kwa ukali wa mzazi, na yule mwanamume mkubwa akakaa chini akamweleza. Ilichukua muda. Halafu mama akanielekezea kidole.

"Anauliza," Kullow akasema kwa uchovu, "mahali pa neno la binti yake, wewe uliweka neno gani?"

"Haji, usinifanyie hivyo."

"Sema."

Nikasema. Nilisema yote, nikiwa nimeinama: moja, mbili, tatu, Kefa hapa, fundi wa Nanyuki, Mutahi ni ng'ombe, nasema tena. Kullow akalitafsiri neno kwa neno, na nafikiri hajawahi kutafsiri jambo la aibu kama lile.

Halafu mabega ya mama yakaanza kutikisika, nikadhani anakohoa. Alikuwa anacheka. Kicheko kidogo, kikavu, cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi. Kikaendelea, kikabadilika njiani bila sisi kuona ni wapi, na machozi yakaanza kumtoka kwenye yale macho meupe. Akasema kitu akijipangusa kwa shuka.

"Anasema na yeye alikuwa na hasira siku ile," Kullow akasema polepole. "Anasema na yeye watu walikuwa wanamtazama."

Kutoka nje ilisikika adhana. Adhuhuri. Baada ya sala Yarrow angekuja kuchukua. Mama alisema tumalizie kaseti, tukaimalizia, kilio cha Sahro na maneno machache ya mwisho, ikafika kikomo ikakatika tak. Halafu akasema nitie kaseti mpya na nimpe maikrofoni.

Nilikagua ile kaseti mara tatu. Nilimwonyesha Kullow, naye akaikagua. Nikabonyeza vitufe viwili, nikarudi nyuma nikaweka mikono mgongoni.

Mama Nadifa hakutunga. Alisema tu, kama mtu anavyozungumza na aliye chumba cha pili. Kullow alinitafsiria kwa kunong'ona.

"Sahro. Nimekusikia, lakini kuna mahali sikukusikia. Fundi mmoja mjinga amepoteza maneno yako, na hayarudi. Nilisema nisikie yote ndipo niseme. Sasa sitasikia yote. Basi nisikilize mimi. Kama hapo uliomba msamaha, nimekusamehe. Kama hapo ulinilaumu, una haki, na nimekusamehe. Kama ulinitukana, nimekusamehe. Kama kuna kitu uliniomba, chochote, nimekubali. Lile neno nililolisema mimi, nimelirudisha. Nimelimeza. Mtoto azaliwe, akae kifuani pako, akue mpaka akuchoshe."

Akashusha maikrofoni. Akanigeukia akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Imeingia?"

Nilimwambia imeingia, lakini nani angeniamini? Nikarudisha, nikabonyeza isikike mwanzo. Sauti ikatoka: Sahro. Mama akashtuka, akamshika Kullow mkono, akamwuliza jambo.

"Anauliza huyo bibi kizee ni nani." Kullow akamjibu, halafu akanigeukia. "Nimemwambia ni yeye mwenyewe."

Hakuwahi kujisikia akisema, si unajua. Nani wa rika lake alikuwa amewahi kusikia sauti yake? Alisikiliza uso umekunjamana, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona anaogopa.

"Anasema Sahro hatamjua. Anasema aliondoka hapa mama yake ana sauti nyingine. Atafikiri mimi nimelipa bibi yeyote wa mjini aseme msamaha."

Mlangoni Yarrow alibisha. Alisema gari linangoja. Kullow alimjibu asubiri, na akamgeukia mama. Mama alikuwa ameshaamua. Aliniashiria nirekodi tena, baada ya yale ya kwanza. Nikatafuta mwisho wa maneno yake, nikaupitisha kidogo ili nisifute hata pumzi, nikabonyeza.

Alisimama. Kullow alitaka kumshika, akamsukuma. Akaisogeza maikrofoni mbali na mdomo, mkono umenyooka, akajaza kifua, na akaita. Hakuongea, aliita, kama mama anavyomwita mtoto aliye ng'ambo ya bonde na mbuzi, giza linakuja, jina moja limevutwa mpaka likajaa nyumba yote.

"Sahroooo!"

Sindano ya mashine inayopima sauti iliruka mpaka mwisho. Nje milango ilifunguliwa, nikasikia watu wakiulizana, na Kullow hakwenda kuwafukuza. Mama alingojea kidogo, muda ule ule anaohitaji mtoto wa mbali kugeuka na kuitikia, akaita tena. Akangojea. Akaita mara ya tatu, na safari hii sauti ilikuwa imepungua miaka, ilikuwa sauti ya mwanamke mwenye nguvu zake ambaye chakula chake kiko tayari motoni.

Halafu akabaki amesimama, kichwa upande mmoja, anasikiliza. Utepe ulikuwa unazunguka, na mimi sikuthubutu kuuzima.